Shahamu ya tumboni na saratani ya utumbo mpana: jibu kwa mwalimu wa Chake Chake

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake, nina umri wa miaka 44. Kaka yangu wa tumbo moja alifariki mwaka jana kwa saratani ya utumbo mpana, aliyogunduliwa nayo akiwa na miaka 49. Yeye alikuwa mwembamba maisha yake yote, ilhali mwenye kitambi ni mimi. Barazani kwetu kuna aliyesoma kwamba mafuta ya tumboni hutoa homoni zinazolisha saratani, na kwamba homoni hizo hupimwa kwa damu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona aliyeugua ni yule mwembamba? Mke wangu naye amekwisha kuniondolea tui la nazi mezani. Amefanya sawa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwalimu, na Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako na akupeni nyote subira. Rafiki yako wa barazani hakukosea, lakini alichokisoma ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu wewe zaidi. Nitaanza na ile nusu yake, kwa sababu inastahiki kuelezwa vizuri, kisha nitafika kwa kaka yako.

Sisi tuliosoma udaktari zamani tulifundishwa kuwa shahamu ni ghala tu: mwili huweka akiba wakati wa neema na kuitoa wakati wa njaa. Picha hiyo ilibadilika mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York walipoipata jeni ya homoni inayotengenezwa na seli za shahamu zenyewe, homoni ambayo ilikuja kuitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Kazi yake ya asili ni kuuarifu ubongo kwamba ghala limejaa na kwamba mtu anaweza kuacha kula. Kadiri shahamu inavyozidi ndivyo leptini inavyozidi katika damu, na mtu angetarajia basi kwamba mnene atakuwa hana hamu ya chakula. Haiwi hivyo, kwa sababu ubongo wake umeizoea sauti hiyo, kama vile anayeishi ubavuni mwa mashine ya kukoboa asivyousikia tena mlio wake.

Tatizo ni kwamba ubongo unapoacha kusikia, viungo vingine vinaendelea kusikia. Ngozi laini ya ndani ya utumbo mpana hujibadilisha upya kila baada ya siku chache tu, kwa hiyo ni mahali ambapo seli zinagawanyika mchana na usiku, na seli hizo zina vipokezi vya leptini, yaani masikio ya kuisikia. Leptini nyingi huziambia zigawanyike, zisife kwa wakati wake, na zijivutie mishipa mipya ya damu. Kwa seli nzima maneno hayo hayana madhara makubwa. Kwa seli ambayo jeni zake zimekwisha kuharibika, hiyo ni mbolea. Wapo panya wa maabara ambao kwa maumbile hawana kabisa leptini, nao hunenepa kupita kiasi kwa sababu hawajui kushiba. Walipopewa kemikali inayoleta saratani ya utumbo, uvimbe wao haukukua kama ilivyotazamiwa kwa wanyama wanene kiasi hicho. Jaribio hilo lilinifundisha mimi kwamba si uzito wenyewe unaoulisha uvimbe, bali ni kile ambacho uzito huo unakitoa.

Homoni ya pili inaitwa adiponektini, nayo ina tabia ya ajabu. Inatengenezwa na shahamu, lakini kila shahamu inapozidi, hasa ile iliyojificha kuzunguka matumbo na ini, yenyewe hupungua. Adiponektini huusaidia mwili kuitii insulini, hutuliza mcharuko, yaani kuwaka kwa kinga ya mwili, na ndani ya seli huiamsha protini inayofanya kazi kama breki ya ukuaji pale nishati inapokuwa haba. Kwa hiyo mwenye kitambi kikubwa amezidishiwa kichocheo na papo hapo amepunguziwa breki.

Yapo mambo mengine mawili ambayo rafiki yako hakuyataja, na kwa maoni yangu ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kuliko homoni hizo mbili. Moja ni insulini. Shahamu ya ndani ya tumbo huufanya mwili uwe mkaidi kwa insulini, kongosho likalazimika kutoa nyingi zaidi, na insulini nyingi, pamoja na homoni ndugu yake inayotoka kwenye ini, ni amri ya kukua kwa seli za utumbo. Ndiyo maana wenye kisukari cha ukubwani hupata saratani hii zaidi ya wasio nacho. Jengine ni mcharuko. Seli za kinga huhamia ndani ya shahamu iliyofurika na kukaa humo zikitoa kemikali za vita pasipo adui, moto mdogo usioonekana wala kuumiza, lakini unaowaka miaka na miaka. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza na kinyama kidogo kiitwacho polipi, na huchukua kama miaka 10 au zaidi mpaka kigeuke kuwa saratani. Moto mdogo una muda wa kutosha kufanya kazi yake.

Kwa msingi wa ushahidi wa namna hii, mwaka 2016 jopo la wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba unene uliozidi husababisha saratani za aina 13, na ya utumbo mpana ni mojawapo. Hata hivyo naomba uitazame namba yenyewe kabla hujaingiwa na hofu. Kwa wanene sana, hatari huzidi kwa kadiri ya asilimia 30 ukilinganisha na wenye uzito wa kawaida. Kama katika watu 100 wa uzito wa kawaida wanne wangeugua maishani mwao, basi katika wanene 100 wangeugua kama watano. Uhusiano huo ni mkubwa zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake, jambo ambalo halikupendelei wewe, lakini hiyo si hukumu.

Sasa kuhusu kipimo cha damu. Leptini na adiponektini hupimika, nayo maabara kubwa za utafiti huzipima kila siku, lakini usiende kukitafuta kipimo hicho, wala usikubali kuuziwa. Tafiti zilizolinganisha kiwango cha homoni hizi katika damu na saratani kwa binadamu zimetoa majibu yanayopingana, na zilizotumia tofauti za kurithi za adiponektini hazikuonyesha kwamba homoni hiyo peke yake ndiyo inayomkinga mtu. Homoni hizi hazifanyi kazi kila moja peke yake. Zinakwenda pamoja na insulini, mcharuko, chakula na vimelea (bakteria) wa utumbo, na ukiichomoa moja ukaipima huambiwi lolote la kukusaidia kuamua. Utepe wa fundi cherehani utakuambia zaidi. Uzungushe kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamme wa Kiafrika, sentimita 94 au zaidi ni dalili kwamba shahamu ya ndani imezidi. Kwa mwanamke ni 80. Na kwa wale wa asili ya Kihindi, ambao hapa Visiwani hawakosekani, mpaka wa mwanamme huwekwa kwenye 90.

Chakula ndicho penye maneno mengi, nami nitaanza na utafiti ambao huwa nashangaa kwamba haujulikani kwetu, wakati ulifanyika nchini mwetu. Mwaka 2002 zilichapishwa habari za wanavijiji zaidi ya 600 wa kusini mwa Tanzania, watu wa asili moja, ambao baadhi yao waliishi kando ya Ziwa Nyasa wakila samaki kwa wingi, na wengine waliishi milimani wakila nafaka na mboga. Unene wao ulikuwa wa kiasi kimoja, lakini leptini ya wala samaki ilikuwa chini mno kuliko ya wenzao. Maana yake ni kwamba kiwango cha homoni hii hakifuati unene peke yake, bali kinafuata na kile kinacholiwa. Utafiti huo haukupima saratani, kwa hiyo sitaki mtu aseme kwamba daktari amesema dagaa wanatibu. Ninasema tu kwamba Mpemba aliyezungukwa na bahari, akaacha nguru na changu akakimbilia soseji za kopo, amefanya biashara ya hasara.

Na hapo kwenye soseji sina kigugumizi. Nyama zilizosindikwa, yaani zilizotiwa chumvi na dawa za kuhifadhi au kukaushwa kwa moshi, ziliwekwa mwaka 2015 na shirika lile lile katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, na kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari kwa kiasi cha asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja. Nyama nyekundu ya kawaida, ya ng'ombe au mbuzi, iliwekwa daraja moja chini, kuwa huenda inasababisha. Mishkaki ya Forodhani, ambayo hata mimi siwezi kuipita bila kusimama, ina mambo mawili: nyama nyekundu, na zile ncha zilizoungua ambamo hutokea kemikali zinazoweza kuharibu jeni. Kula mishkaki siku ya matembezi si jambo la kukuumiza kichwa. Kula kila jioni ni habari nyingine.

Upande wa pili wa chakula ni nyuzinyuzi, nao ni mkubwa kuliko watu wanavyoudhania. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Uganda, alishangaa kuona saratani ya utumbo mpana ni adimu sana kwa Waafrika wa vijijini wakati kwao Ulaya ilikuwa jambo la kawaida, na mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula chenye makapi. Wakati ule wengi walidhani makapi ni ufagio tu wa kusukuma choo. Leo tunajua kwamba vimelea wanaoishi katika utumbo mpana huyachachua, wakatoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula chenyewe cha seli za utumbo zilizo nzima, na papo hapo huzizuia zilizoharibika zisiongezeke. Mwaka 2015 watafiti walitangaza jaribio ambalo Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa kwa wiki mbili chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakapewa chakula cha Marekani, cha nyama na mafuta mengi. Ndani ya wiki hizo mbili tu, butireti ya Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu na mcharuko katika utumbo wao ukapungua. Ya Waafrika ilishuka kwa nusu, na dalili za hatari zikapanda.

Lililonigusa zaidi lakini ni la mwaka 2025, kwa sababu ni la hapa hapa Tanzania. Wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro walishiriki. Wa vijijini walihamishiwa kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi, wa mjini wakarejeshwa kwenye chakula cha wazee wao cha nafaka nzima, maharage, ndizi na mboga. (Kundi la tatu lilipewa mbege, pombe ya ndizi, nalo hilo sisi hatulihitaji.) Baada ya wiki mbili damu ya waliohamia chakula cha mjini ilikuwa imejaa protini za mcharuko, na kinga yao ilipambana vibaya zaidi na vijidudu, kwa waliorejea chakula cha asili ilikuwa kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Ninalitaja kwa sababu linajibu swali ambalo hukuliuliza, nalo ni kwamba mtu wa miaka 44 hajachelewa.

Kwa hiyo sikuandikii orodha ya vyakula vya kigeni. Mkate wa mofa wa mtama unaushinda mkate wa boflo. Kunde, mbaazi na choroko, kisamvu, matembele na mchicha, majimbi na viazi vitamu vilivyochemshwa, muhogo uliopoa, shelisheli kwa msimu wake, embe linaloliwa badala ya kukamuliwa likawa sharubati ya sukari: haya ndiyo ambayo utafiti mzima unayaelekeza. Kila gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku huhusishwa na kupungua kwa hatari kwa kiasi cha asilimia 10, na sahani moja ya kunde haiko mbali na gramu hizo. Maziwa pia yana kinga kiasi fulani, nadhani kwa ajili ya madini ya chokaa (kalsiamu) yaliyomo. Ninachokiogopa mimi katika meza ya Kizanzibari ya leo ni wali mweupe wa kilima, chai ya sukari mara tatu kwa siku, soda, na kukaangwa kwa kila kitu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyojenga kitambi na kuipandisha insulini. Mwezi wa Ramadhani ungeweza kutusaidia, lakini nyumba nyingi huutumia kulipiza kisasi kwa sambusa na kachori baada ya magharibi, na wapo wanaoufikia mfungo mosi wamenenepa.

Tui la nazi sasa. Sijui ushahidi wowote wa maana unaolishitaki tui kwa saratani ya utumbo mpana. Mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu, na ni mazito kwa nishati, hivyo tui bubu kila siku humrahisishia mtu kuongeza kiuno. Mwambie mkeo akurejeshee tui la pili kwenye kisamvu na samaki wa kupaka mara mojamoja, naye badala yake aitazame sukari ya kwenye chai yako. Ukishuka uzito kwa asilimia 5 hadi 10, leptini hushuka haraka, insulini hutulia, na adiponektini hupanda polepole. Kutembea kwa miguu kila siku hupunguza shahamu ya ndani hata pale mizani inapogoma.

Nimefika kwa kaka yako. Wembamba wake hauivunji habari ya homoni, kwa sababu unene huongeza hatari na hauwi sharti la ugonjwa, na wengi wanaougua saratani hii si wanene. Pia mtu anaweza kuonekana mwembamba naye ana shahamu iliyofichika tumboni, na saratani yenyewe hukondesha miezi kadhaa kabla haijajulikana, hata ikawa tunamkumbuka mgonjwa kwa umbo lake la mwisho. Lakini kwangu mimi jambo zito katika barua yako ni umri wake wa miaka 49. Saratani ya utumbo mpana inayomjia mtu kabla ya miaka 50 hutufanya tuuangalie ukoo. Kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua huongeza hatari kwa karibu mara mbili, na zaidi ya hapo ikiwa aliugua kijana. Linganisha hilo na asilimia 30 za kitambi, utaona kwa nini nilisema rafiki yako alisoma nusu.

Kanuni tunayoifuata ni kwamba ndugu wa mgonjwa wa namna hii aangaliwe utumbo mpana kwa kamera akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua nduguye, ule utakaotangulia, kisha arejee kila miaka mitano. Wewe una 44, kwa hiyo wakati wako umekwisha kufika, hata kama huna dalili yoyote. Hatuna mpango wa taifa wa kumwita kila mtu kupimwa, hivyo itakubidi uombe mwenyewe. Nenda hospitali ya Chake Chake au ya Abdulla Mzee kule Mkoani, useme maneno haya: "Ndugu yangu wa tumbo moja aligunduliwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 49, nataka rufaa ya kuangaliwa kwa kamera." Chukua na karatasi za hospitali za kaka yako kama zipo, hasa majibu ya kinyama kilichopimwa. Nauli ya boti na gharama za kipimo si ndogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini faida yake ni kwamba polipi ikionekana hutolewa hapo hapo, kabla haijawa saratani.

Ukiona damu kwenye choo kikubwa, usiridhike na jina la bawasiri mpaka mtu amekuangalia kwa kidole na kwa kamera, maana nimewapokea wagonjwa waliotibu bawasiri kwa mwaka mzima huku saratani ikiwa juu zaidi ndani ya utumbo. Mwanamme anayekutwa na upungufu wa damu wa madini ya chuma naye asipewe vidonge tu akarudishwa nyumbani; aulizwe damu hiyo inapotelea wapi. Kubadilika kwa choo kwa zaidi ya wiki tatu, au kukonda bila sababu, ni vivyo hivyo.

Waulize wazee wenu kama kuna shangazi, mama mdogo au babu aliyefariki kwa ugonjwa wa tumbo, au kwa saratani ya mfuko wa uzazi (si ile ya shingo ya kizazi), kwa sababu yapo maradhi ya kurithi yanayozikusanya saratani hizo mbili katika ukoo mmoja, na jibu la wazee litabadilisha ushauri wangu. Na kama kaka yako ameacha watoto, wao hatari yao ni ya karibu kama yako. Umri wao wa kuanza kupimwa ni miaka 39, nao waandikiwe sasa, wakati karatasi za baba yao bado zipo.